Sifuri Kabla ya Mbili

Kwanza waya. Nauchomeka, kompyuta inalia ting,
inauliza maswali ya mlinzi wa getini:
nani huyu, katoka wapi, aaminike?
Ni cha baba, najibu. Nabonyeza ndiyo.

Kemijärvi, Januari. Saa nane mchana na jua limeshaaga.
Baba yangu Oiva aliendesha msumeno wa kiwandani
miaka thelathini na mmoja,
akastaafu na vidole vyote kumi.
Macho ndiyo yaliyomtoka baadaye, tena polepole:
doa limekaa katikati ya kila anachokitazama.
Akitazama dirisha anaona fremu.
Akinitazama mimi anaona masikio.
"Saila," husema, "hizo hereni mpya."

Aliacha magazeti, akaacha barua,
akaacha hata maandishi ya kwenye pakiti za unga.
Nikamnunulia kidubwasha hiki,
kinalingana na kiberiti, vitufe vitano;
cha katikati nilikidondoshea rangi ya kucha
ikakauka kama chunusi, apate kukipapasa.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na sura ishirini na tatu,
habari za waokaji mikate wawili, mume na mke.
Niliziburuta faili zote kwa mkupuo,
mstari wa kijani ukatambaa,
ukafika tisini na tisa kwa mia, ukakaa, ukakaa,
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado ameshika kitasa cha mlango.
Ukaisha. Nikachomoa. Nikarudi Oulu kazini.

Wiki tatu baadaye, kwenye simu:
"Kitabu gani hiki ulichoniletea!
Aune anakufa. Wanamzika kwenye theluji,
mumewe analia mpaka tanuri linapoa,
halafu, nisikilize, halafu
Aune huyo huyo anaingia jikoni,
anakung'uta unga mikononi,
anauliza kama kahawa imebaki.
Na hakuna anayeshtuka! Hata mume!
Huyu mwandishi anajua mambo."

Nilinyamaza. Nilishajua nilichokifanya.
Kile kidubwasha hakihesabu, kinasoma tu herufi ya mbele:
kwake yeyote anayeanza na moja ni ndugu wa moja.
Kwa hiyo moja, kumi, kumi na moja,
ukoo mzima mpaka kumi na tisa,
ndipo mbili inaruhusiwa kupita.
Aune anafia sura ya kumi na tisa.
Kahawa anaiulizia sura ya pili.

Leo nimekuja kurekebisha. Kazi ya dakika kumi:
sifuri kabla ya moja, sifuri kabla ya mbili,
hivyo hivyo mpaka tisa.
Baba yuko jikoni, anapima kahawa kwa sikio,
vijiko vya watu watatu, nasi tuko wawili.
Ndiyo kawaida yake tangu tulipomzika mama, Lempi,
Februari ile ambayo ardhi ilibidi ipashwe moto
usiku kucha ndipo ikubali koleo.

"Unafanya nini huko, mbona kimya?"
"Napanga sura, baba. Zilikaa ovyo.
Sasa Aune atakufa mahali pake, kumi na tisa."
Kijiko kikasimama.
"Na akishakufa?"
"Sura nne, kisha mwisho."
"Haji kuulizia kahawa?"
"Anaulizia mwanzoni, baba. Kabla."
"Kabla," akarudia,
kama mtu anayeonja mchuzi uliopungua chumvi.

Friji ikanguruma, ikatulia.
"Hizo sifuri zako," akasema, "ni nzuri.
Ziweke kwenye vitabu vingine."

Basi nikazifuta moja moja, zote tisa,
nikaburuta upya ukoo wa moja na vurugu zake.
Akaniletea kikombe, akapapasa meza mpaka akaikuta,
akakiweka karibu na mkono wangu bila kumwaga.
Mstari wa kijani ukafika tisini na tisa,
ukashika kitasa.
Sikuuharakisha.